Nchi Tunayoiandika: Kanda za Ardhi za Musoma, Bunda na Butiama

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Musoma)



Tuliombwa kusema juu ya jambo lolote lenye faida kwa watumishi, nasi tumechagua jambo lililo karibu mno nasi hata twaelekea kulisahau, nalo ni nchi yenyewe tunayoikanyaga. Kila siku majina ya Musoma, Bunda na Butiama hupita chini ya kalamu zetu. Twayaandika juu ya bahasha, katika daftari za ushuru, na katika orodha za vijiji vilivyopungukiwa na chakula. Lakini ni wangapi kati yetu wawezao kueleza kwa nini mtu wa Majita, ambaye kila asubuhi huyaona maji yasiyo na ukomo mbele ya mlango wake, huanika mihogo na kuiweka akiba kwa kuhofu ukame, hali mtu wa milima ya Tarime, aliye mbali na ziwa, hukata ndizi nyuma ya nyumba yake?

Swali hilo ndilo shina la maneno yetu. Jibu lake ni kwamba mkoa huu wa Mara, uliopata kuwa mkoa wa peke yake mwaka 1963, una kanda tatu za ardhi, tena zenye tabia mbalimbali, na mipaka ya kanda hizo haifuati mipaka ya wilaya. Karani asiyezijua huweza kuandika hesabu zilizo sawa kwa kujumlisha lakini potofu kwa maana. Na hesabu potofu, ikiisha kutiwa muhuri, yaweza kumnyima mtu chakula chake.

Na tuanze na msingi wa nchi. Miamba iliyo chini yetu ni ya kale sana, ya miaka zaidi ya milioni 2,500. Ni ya namna mbili iliyochanganyika. Namna ya kwanza ni mawe ya matale, ambayo tunayaona kila mahali yamesimama juu ya vilima kama mizigo iliyopangwa na majitu. Namna ya pili ni miamba ya kijani iliyotokana na moto wa volkeno za zamani hizo, nayo ndiyo yenye dhahabu. Ndiyo sababu dhahabu ilichimbwa Buhemba na Kiabakari katika siku za ukoloni, na ndiyo sababu hata leo vijana wengi huacha jembe wakashika sururu.

Juu ya msingi huo mkongwe limekaa ziwa lililo changa. Wataalamu wasema Ziwa Victoria lilianza kujikusanya yapata miaka 400,000 iliyopita, wakati nchi ya magharibi ilipoinuka taratibu, mito iliyokuwa ikitiririka kwenda magharibi ikazuiwa, na maji yakajaa katika bonde pana katikati. Kwa kuwa ni maji yaliyojaa katika sahani, wala si katika ufa wa ardhi, ziwa hili ni pana lakini si la kina. Upana wake wapata kilometa za mraba 68,800, lakini kina chake mahali pa chini kabisa ni kama mita 80 tu, hali Ziwa Tanganyika hushuka hata mita 1,470. Tena ni ziwa lililokwisha kukauka. Matope ya chini yake yameonyesha ya kuwa miaka kama 15,000 iliyopita palikuwa nchi kavu yenye majani. Tulikumbuke jambo hili tutakapofika kwenye habari za maji kupanda na kushuka.

Sasa tuzitazame kanda zenyewe.

Kanda ya kwanza ni ya mwambao. Huanza kwenye uso wa ziwa, ambao uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, ikapanda hata karibu mita 1,300. Ndani yake umo mji huu wa Musoma, uliojengwa juu ya rasi iliyojitia majini, imo nchi ya Majita na mlima wake, imo Mugango, na imo pwani yote ya Bunda kuanzia Kisorya na Kibara hata Nyatwali, kando ya Ghuba ya Speke. Ghuba hiyo iliitwa hivyo na Stanley alipolizunguka ziwa kwa mashua mwaka 1875, kwa kumkumbuka Speke aliyeliona ziwa mwaka 1858. Lakini wenyeji walikuwa wakiivuka kwa mitumbwi yao kabla ya wageni hao wote wawili.

Katika kanda hii mvua ya mwaka kwa kawaida haifiki milimita 900. Hapa ndipo penye ajabu. Bukoba, iliyo kwenye ufuko wa magharibi wa ziwa hilihili, hupata mvua kama milimita 2,000. Maji ni yaleyale, jua ni lilelile. Kwa nini basi kilicho chao kiwe zaidi ya mara mbili ya chetu? Sababu ni pepo. Upepo mkubwa wa nchi hizi hutoka mashariki. Ukifika kwetu huwa umekwisha kupita nyika kavu, hauna maji mengi. Ukivuka ziwa hunywa unyevu njia nzima, kisha ukaumimina kwenye ufuko wa magharibi. Sisi tumekaa upande anakoingilia mgeni akiwa na mikono mitupu, wenzetu wamekaa upande anakotokea akiwa amejitwika mzigo.

Kuna na pepo ndogo za kila siku. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, na upepo huvuma kutoka ziwani kwenda bara; mawingu hupita juu ya vichwa vya watu wa mwambao, hupanda milimani, na huko ndiko yanakonyesha alasiri. Usiku mambo hugeuka: bara hupoa, upepo hushuka kuelekea ziwani, nao ukikutana na hewa yenye joto juu ya maji huzusha ngurumo na tufani. Kwa hiyo mvua ambayo mkulima wa Majita ameilalamikia mchana huweza kumkuta mwanawe usiku ndani ya mtumbwi, akivua dagaa kwa taa. Wengi wamekufa maji kwa tufani hizo za usiku. Mwenye kazi ya kupeleka habari za hali ya hewa na asiichelewe saa ya jioni, maana saa hiyo ndiyo wavuvi wanapotayarisha nyavu na taa zao.

Kwa ajili ya uchache wa mvua watu wa mwambao wamechagua mazao yenye subira: mihogo, mtama, uwele na viazi vitamu, na pamba kwa fedha. Samaki ni shamba lao la pili. Lakini shamba hilo nalo limebadilika. Sangara alitiwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, naye akawameza furu wengi wa namna nyingi. Akaleta viwanda na fedha za kigeni, na wakati huohuo akaondoa kitoweo cha bure kilichokuwa cha kila mtoto mwenye ndoana.

Kanda ya pili ni ya kati, nchi ya vilima, tangu mita 1,300 hivi hata 1,500. Mtu atokaye Mwanza kwa gari huiona akifika Bunda, pale mlima Balili unaposimama kando ya barabara. Humo imo Ikizu na mlima wake Chamuriho, na imo nchi ya Wazanaki, ambako Butiama ilipo. Mvua yake ni baina ya milimita 900 na 1,300. Wote mwajua ya kuwa Butiama ndipo alipozaliwa Mwalimu Julius Nyerere mwaka 1922, na ndipo alipozikwa mwaka 1999. Watu wafikapo Mwitongo hutazama kaburi na nyumba ya makumbusho, wakarudi. Twawasihi mkifika tena, mtazame na mawe makubwa yaliyouzunguka mji ule, kisha mteremke kwa miguu hata bondeni, mkiangalia udongo chini ya viatu vyenu.

Mtaona hivi. Juu, karibu na mawe, udongo ni wa changarawe na mchanga, rangi yake nyekundu au kahawia. Maji hupenya upesi. Chini kidogo ni mchanga mweupe mweupe, mwepisi kwa jembe, ufaao mihogo na karanga. Chini zaidi kuna tabaka gumu, ambalo maji hushindwa kulipenya nayo mizizi hukwama. Na chini kabisa, bondeni, ni udongo mweusi wa mfinyanzi: masika hunata na kushika magurudumu, kiangazi hupasuka nyufa ziwezazo kumeza mguu wa ndama. Huko hulimwa mpunga, na huko hulishwa ng'ombe nyasi za mlimani zikiisha. Kisha mkipanda kilima cha pili mtayakuta yaleyale kwa mpango uleule. Mvua ndiyo fundi wa kazi hii, kwa kuwa huosha chembe laini na chumvi kutoka juu na kuzilaza chini, karne baada ya karne.

Jirani zetu Wasukuma wana jina kwa kila pingili ya mnyororo huo: luseni ni mchanga wa juu, itogolo ni ule mgumu wa kati, na mbuga ni mweusi wa chini. Mtaalamu mmoja wa udongo, Geoffrey Milne wa kituo cha Amani kule Usambara, alisafiri katika Tanganyika katika miaka ya 1930 akauona mpango huo, akaupa jina la Kilatini lenye maana ya mnyororo, yaani catena. Jina hilo sasa hufundishwa katika vyuo vikuu vya dunia nzima. Basi elimu hiyo ilizaliwa katika mabonde ya nchi hii, na wakulima wetu walikuwa nayo kabla haijapata jina la Kilatini.

Faida yake kwa karani ni hii. Tukiandikiwa barua kwamba kijiji fulani kina ekari kadha wa kadha za kulima, haitoshi. Yatupasa kuuliza: ekari hizo ziko kwenye pingili gani ya mnyororo? Ekari kumi za mbuga zina manufaa mwaka wa mvua ndogo, zikawa dimbwi mwaka wa mvua kubwa. Ekari kumi za mchanga huvumilia mvua nyingi, lakini huchoka upesi. Familia yenye kipande juu na kipande chini imejikinga pande zote mbili. Ukiwagawia watu ardhi kwa kamba iliyonyoka juu ya ramani, ukampa mmoja juu kutupu na mwingine bonde tupu, umewavunjia kinga hiyo, ingawa vipimo vyako ni sawasawa hata kwa inchi.

Kanda hii ya kati ina shida yake nyingine, nayo ni maji ya kunywa. Mwamba u karibu, mito yake mingi hukauka kiangazi, na ziwa liko chini. Ndiyo maana ya bomba litokalo Mugango, linalopandisha maji ya ziwa hata Kiabakari na Butiama. Ni kazi njema, lakini tuelewe ya kuwa maji yapandayo mlima hupanda kwa nguvu za mashine, na mashine hula umeme kila saa. Ankara ya umeme ikichelewa kulipwa ofisini, ndoo hukauka Butiama. Karani wa hesabu aliye mbali na bomba anaweza kulifunga kwa kalamu tu.

Kanda ya tatu ni ya kaskazini, milima ya Tarime, iliyo juu ya mita 1,500, yenye mvua kupita milimita 1,250. Huko juu ya miamba ya kale pamelala tandiko la lava iliyotiririka kutoka upande wa Kenya, na udongo wake una rutuba; hulimwa ndizi, kahawa na mahindi. Hatutakaa huko sana, maana mada yetu ni Musoma, Bunda na Butiama. Lakini haiwezekani kuzieleza hizi tatu bila kuitaja Tarime, kwa sababu chini ya ukuta wa milima ile ndipo upitapo mto uliotupa jina la mkoa.

Mto Mara huanza katika misitu ya Mau nchini Kenya, ukasafiri karibu kilometa 395 hata kufika ziwani. Hupita mbuga za Maasai Mara na Serengeti, na huko, kiangazi kikikaza, ndio mto mkubwa usiokauka, ambao nyumbu kwa maelfu ya maelfu huuendea kunywa. Kisha huingia kwetu, hutapanyika katika kinamasi cha mafunjo kiitwacho Masurura, hupita chini ya daraja la Kirumi, na kumalizikia katika Ghuba ya Mara, karibu na hapa tulipo. Bonde lake lote lina kilometa za mraba zipatazo 13,500, na karibu theluthi mbili zake ziko Kenya. Maana yake ni kwamba mti ukatwao Mau hutuhusu sisi Musoma. Msitu ukipungua, mvua haingoji tena kunyonywa na ardhi. Huteremka kwa ghadhabu na tope katika masika, na kiangazi mto ukabaki mwembamba. Mwezi wa Machi 2022 maji ya sehemu ya chini ya mto yaligeuka kuwa meusi na samaki wengi wakafa, na watu wakakaa na hofu ya kuyatumia. Mto hauna paspoti. Tangu mwaka 2012 nchi hizi mbili huadhimisha Siku ya Mara kila tarehe 15 Septemba. Na siku nyinginezo 364 ni zetu pia kuuangalia.

Upande wa mashariki na kusini vilima hufunguka kuwa nyika ya Serengeti. Mito ya Grumeti na Mbalageti hutoka huko ikaingia Ghuba ya Speke, na baina yake ukanda wa hifadhi umenyooka kama mkono hata karibu na ziwa. Hapo Bunda hubanwa pande mbili: huku wanyama, huku maji. Tembo huingia mashambani usiku, na kata ya Nyatwali, iliyokaa baina ya hifadhi na ziwa, serikali iliamua kuitwaa na kuwalipa wakazi fidia ili hifadhi ifike majini. Twataja jambo hili kwa kuwa kila fidia hupita katika daftari. Aandikaye shamba, mti na kaburi la mtu aandike akijua ya kuwa mwenyewe hataonana navyo tena.

Limesalia neno la ziwa kupanda. Maji yaingiayo Ziwa Victoria, karibu sehemu nne kwa tano hutoka moja kwa moja katika mvua inyeshayo juu ya ziwa lenyewe, na mito yote kwa pamoja huleta iliyobaki. Basi mvua zikizidi miaka miwili mitatu mfululizo, ziwa hupanda kila mahali kwa pamoja. Baina ya mwaka 1961 na 1964 lilipanda zaidi ya mita 2, likameza magati na mashamba. Mwaka 2020 lilifika tena kipimo cha 1964, na mwaka 2024 likapanda tena. Mwambao wetu una sehemu nyingi tambarare, na mita moja ya maji kwenda juu huweza kuwa mamia ya mita kwenda bara. Na maji yakirudi nyuma, nchi iliyoachwa huwa na rutuba, nao watu huishukia kwa majembe na matofali, wakasahau. Wazee wa mialoni hawakusahau. Waweza kukuonyesha mti au jiwe lililofikiwa na maji ya miaka ile. Kabla ya kuidhinisha kiwanja cha ufukweni, na aulizwe mzee wa mahali pale. Kuuliza si ujinga.

Mabibi na mabwana, mkoa huu ulihesabiwa kuwa na watu 1,743,830 mwaka 2012, na 2,372,015 mwaka 2022. Watu wameongezeka zaidi ya theluthi katika miaka 10, na ardhi haikuongezeka hata pingili moja. Kwa hiyo makosa ambayo zamani yalifichwa na upana wa nchi hayana tena mahali pa kujificha.

Kwa kumaliza twapendekeza mambo matatu, yote ya uwezo wetu, wala hayahitaji fungu jipya la fedha. Kwanza, tusikubali wastani wa mkoa kuwa jibu. Mwambao ukipata milimita 800 na milima ikapata 1,600, wastani ni 1,200, na mvua hiyo ya 1,200 haikumnyeshea mtu yeyote. Mtu wa Majita hawezi kula wastani. Kila taarifa ya mvua na mavuno na itaje kanda. Pili, mahali palipo na kipimo cha mvua, shuleni au kwenye zahanati, kisomwe kila siku na kuandikwa, hata siku isiyo na mvua, maana sufuri iliyoandikwa ni habari, na nafasi iliyoachwa tupu si kitu. Tatu, kila mwanachama ahamishiwaye kituo kipya atembee kwa miguu tangu kilima hata bonde kabla hajatia sahihi karatasi ya kwanza ihusuyo ardhi.

Kalamu zetu ni nyepesi, lakini yale tunayoyaandika huwaangukia watu kwa uzito. Tukiijua nchi, zitaandika kweli.